Wiki ya Kupimwa Umeme

Jumatatu, 3 Machi
Shirika la umeme limebandika tangazo kwenye nguzo iliyo mbele ya duka langu la fotokopi. Wiki hii wanapima umeme tunaotumia kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa tatu, wakati kila nyumba imewasha kila kitu. Mwezi ujao, mtaa utakaopunguza robo ya kipimo hicho hautaguswa na mgao. Usiopunguza utakatiwa siku tatu kwa wiki. Nimesoma mara mbili. Tukipimwa tukiwa wanene, kukonda ni kazi ndogo! Akili kama hii inapotea bure kwenye fotokopi.

Mke wangu ana mayai mia na ishirini kwenye mashine ya kuangulia vifaranga. Siku yao ya kuanguliwa ni Jumapili. Ni biashara yake ya kwanza. Amesema nifanye nipendalo, ila umeme wake usikatike. Nimemwambia aniachie mimi.

Jumanne, 4 Machi
Nimepita nyumba kwa nyumba. Nimewaambia: ikigonga saa kumi na mbili, washeni pasi, majiko, hita za maji, hata taa ya chooni. Majirani wamenielewa haraka. Kikwazo ni mwalimu mstaafu wa ng'ambo ya barabara. Laini yake ya umeme inatoka mtaa wa juu, haya hayamhusu, ila mdomo anao. Amesema transfoma yetu iliwekwa kwa ajili ya nyumba kumi na sasa tuko thelathini na moja. Nimemjibu kwamba nimepiga hesabu. Amenikumbusha nani alinifundisha hesabu, na nilipata ngapi. Mzee ana kinyongo!

Alhamisi, 6 Machi
Mambo yamepamba moto. Fundi cherehani amewasha pasi tatu bila nguo. Kinyozi amewasha mashine zote, zinanguruma mezani bila kichwa. Shemeji, mdogo wake mke wangu, ameleta jiko la kuokea kutoka kazini kwake. Tumelichomeka tupu. Saa mbili taa zikaanza kufifia. Nimewatangazia kwamba hiyo ndiyo dalili ya mafanikio.

Mke wangu hakucheka. Joto la mashine yake limeshuka digrii moja. Amesema jiko lizimwe. Nimemwahidi kesho.

Ijumaa, 7 Machi
Nilisahau kuzima jiko. Saa moja na robo jioni: mshindo mmoja, moshi, giza mtaa mzima. Transfoma kwisha habari yake!

Mke wangu alifunika mashine kwa blanketi, akaniambia nishike upande wa nyuma. Tukavuka barabara hatua kwa hatua, mayai yakigongana humo ndani. Kubisha hodi aliniachia mimi. Mwalimu alifungua, akatupisha, akachomoa redio yake na kutuonyesha soketi. Nimeona aibu, na siri hii ibaki humu.

Jumapili, 9 Machi
Vifaranga mia moja na watatu! Mke wangu amelia kwa furaha. Amemshukuru mwalimu mara nne. Mimi hajanishukuru hata mara moja, ingawa nilibeba upande mzito. Amesema mashine itabaki kwa mwalimu mpaka nikue.

Mchana mafundi wa shirika wamefunga transfoma mpya. Nikamuuliza mkubwa wao, kwa upole, kipimo chetu kimefikia wapi. Amesema mita ya kupimia iliungua pamoja na transfoma ya zamani, wiki ya kupima inaanza upya kesho. Halafu akaongeza, bila mimi kumuuliza, kwamba hii mpya ina nguvu mara mbili ya ile.

Mara mbili! Nimemwambia shemeji alilete tena lile jiko alilorudisha kazini. Safari hii alete mawili.