Kabati la Kwenye Boksi

Jumatatu, 3 Machi 2025
Ghati, mdogo wa marehemu mke wangu, amepiga simu kutoka Butiama. Jumamosi wanakuja, yeye na mama mkwe, kugawa vitu vya marehemu. Ni desturi, sina neno. Lakini kabla ya kukata akauliza kama kabati la dada yake bado lipo. Nikajibu lipo. Analitaka!

Mke wangu Jenoveva alikuwaga anaweka kipande cha sabuni katikati ya vitenge. Mpaka leo nikifungua, harufu hutoka kwanza. Siwezi kulitoa. Kumwambia shemeji hivyo pia siwezi. Mwanaume mzima kulilia kabati!

Mpango: ninunue jipya, la kung'aa. Ghati akiliona, la zamani atalisahau.

Jumanne, 4 Machi
Dukani mjini. Kabati nililolipenda linauzwa ndani ya boksi, vipandevipande, unaunganisha mwenyewe nyumbani. Pichani lina kioo na milango myeupe. Muuzaji akashauri nimchukue fundi wao. Nikakataa. Mtu niliyeezeka nyumba yangu mwenyewe!

Toyo, ile pikipiki ya mizigo, ikalileta mpaka nyumbani Nyasho. Jirani yangu Baltazari akaona boksi refu linashushwa. Akavua kofia, akauliza kwa upole safari hii ni msiba wa nani. Nikamwambia ni kabati. Akavaa kofia, akacheka hadi akashika ukuta. Nami nikacheka. Kisha nikaingia ndani nikakaa tu.

Jumatano, 5 Machi
Maelekezo ni picha tupu. Mtu mwenye kichwa cha duara anatabasamu kwa kila skrubu. Sikumwamini. Nikaanza na ubao mkubwa kuliko yote.

Jioni: kioo kiko ndani. Milango inafungukia ukutani.

Alhamisi, 6 Machi
Nimebomoa, nimefunga upya sebuleni. Limesimama! Limeinama kushoto kidogo, kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani. Nimelitegemeza kwa kipande cha tofali. Kuna skrubu zimebaki. Bila shaka ni za akiba.

Halipiti mlango wa chumbani. Baltazari kasema mimi ndiye fundi wa kwanza Musoma kutengeneza kabati la kukaa na wageni. Nikamjibu ndivyo nilivyokusudia. Jenoveva angenitazama tu, angekwenda kuweka chai.

Jumamosi, 8 Machi
Wamefika. Mama mkwe kakaa sebuleni. Chumbani kwa mkwe wake haingii. Mimi mlangoni, macho chini, maana simtazami usoni. Maneno yote yanapitia kwa Ghati.

Vitenge vimegawanywa. Kisha mama akaliona kabati jipya, akauliza ni la nani.

Nilikuwa nimejiandaa kusema ni zawadi ya Ghati. Neno likiwa mdomoni, nikalimeza. Mgane kumpa mdogo wa marehemu kabati lenye kioo, mbele ya mama yake! Si posa hiyo? Nikasema ni langu.

Mama akamshukuru Mungu. Kumbe walikuwa wamekubaliana waniachie kabati la Jenoveva, nisije nikatundika mashati kwenye viti. Ndiyo maana Ghati aliuliza kama lipo! Lakini kwa kuwa mkwe amejinunulia lake, mama akasema, basi la marehemu liende Butiama, Ghati alitumie.

Nikasema asante mama. Asante!

Limepakiwa kwenye pikapu. Baltazari alisaidia kulibeba, na hakutania hata neno. Chumbani sakafuni limebaki eneo la mstatili, safi kuliko nyumba nzima.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya ibada nimetundika koti kwenye kabati jipya. Koti moja. Kabati limelala chini lote, kioo kimepasuka. Nimekaa juu ya mbao, nikanywa chai hapo hapo.

Jumatatu, 10 Machi
Ghati amepiga tena. Sauti ilikuwa nzito. Amesema kila akifungua lile kabati analia, hata kazi hafanyi. Akaniambia, shemeji, kama unalitaka sema tu, kesho linarudi Nyasho.

Nikamwambia hapana, shemeji, sina haja nalo kabisa. La kwangu ni imara.

Nimepata mpango bora. Nasikia Bunda wanauza la milango mitatu, la kuunganisha mwenyewe. Hilo nitampelekea mama mkwe, hapo hakuna atakayefikiria posa. Nitalifunga mbele ya ukoo mzima. Watafurahi, na la Jenoveva watanirudishia wenyewe, bila mimi kusema neno.