Habari za Kutekwa kwa Choo cha Mwisho, na Jinsi Bi Vifungo Alivyoinuka

Sogeeni, enyi wenye magoti mazima, nanyi ambao magoti yenu yameanza kulia kama bawaba kavu! Wekeni chini vikapu, zimeni simu, mwenye kutafuna na ameze, kwani nataka kuwasimulia vita vilivyopiganwa sokoni mchana kweupe, ndani ya chumba ambacho watu wawili hawawezi kupishana. Vita ambavyo havikumwaga damu ila tone moja la kidole gumba, na bado vilivuma mji mzima. Naiomba pumzi yangu isinikatikie njiani, na ulimi wangu usione haya, maana habari yenyewe, jamaa zangu, ni ya chooni.

Palikuwa na mama mmoja, mjane wa siku nyingi, ambaye soko zima lilimwita Bi Vifungo. Huyu ndiye malkia wa zipu, mwenye kuuza vifungo, nyuzi na lastiki, na yakini nawaambieni, hapakuwa na suruali iliyotulia kiunoni katika mji ule ila kwa fadhila ya meza yake. Lakini dunia ndivyo ilivyo: yeye aliyezuia nguo za watu zisianguke, mwenyewe hakuwa na cha kumwinua. Magoti yake yalikuwa yamemuasi. Kukaa, alikaa vizuri. Kuinuka ndiko kulikokuwa safari.

Sasa vyoo vya soko lile, upande wa wanawake, vilikuwa vichache, na foleni yake haikukatika tangu asubuhi mpaka jioni; na kati ya hivyo, kimoja tu, cha mwisho kabisa, ndicho kilichokuwa cha kukalia. Siku moja Bi Vifungo akaingia humo, akaketi, na saa ya kuinuka ilipowadia magoti yakagoma. Akatafuta pa kushika. Kuliani vigae vitupu, kushotoni vigae vitupu. Mbele yake mlango, na kitasa alipokivuta kikamjia mkononi. Akabaki humo na kitasa chake. Ikambidi msimamizi wa vyoo, aliyeitwa Bi Zamu kwa sababu neno alilolipenda kuliko yote duniani lilikuwa "Zamu!", aingie kwa bega na kumvuta kwa makwapa mbele ya foleni nzima. Hakuna aliyecheka. Na hilo ndilo lililomuumiza, afadhali wangecheka.

Tangu siku hiyo Bi Vifungo akapiga shauri na nafsi yake: asiyekunywa, haendi. Akaacha maji. Alitoka nyumbani mkavu, akauza zipu mkavu, akarudi mkavu, hata mchana mmoja wa joto kali akaanguka kifudifudi juu ya meza yake, vifungo vikatawanyika mpaka kwa wauza samaki. Daktari alipomtazama hakunena maneno mengi. "Maji," alisema. "Mama huyu anataka maji tu."

Binti yake, ambaye ni mshonaji, alilia mpaka akaloa mikono ya blauzi, kisha akapangusa macho na kumwendea mumewe.

Na huyo mume, enyi wasikivu, ndiye shujaa wetu. Walimwita Fundi Taratibu: mtu mrefu, mpole, asiyepaza sauti hata nyundo ikimwangukia mguuni, jemadari wa drili, simba wa skrubu, ambaye ukuta haukuthubutu kumkodolea macho. Ila shujaa huyu alikuwa na udhaifu mmoja. Alimwogopa mama mkwe wake, si kwa ukali, bali kwa heshima. Wawili wale walijuliana hali, wakaulizana habari za watoto na za kazi, basi. Mmoja akikohoa, mwenzake hutazama dari. Mtu kama huyo amwambieje mama mkwe habari za choo?

"Mama yangu atakufa kwa kiu na mabomba yanatiririka," mkewe akamwambia. "Fanya kitu."

"Nifanye nini, mke wangu? Nimbebe?"

"Weka vyuma vya kushikia. Huku kimoja, huku kimoja. Aviegemee ainuke mwenyewe, asivutwe na mtu."

"Kwa urefu gani? Kikikaa juu hakimsaidii, kikikaa chini ndiyo balaa. Lazima nijue mkono wake unafika wapi akiwa... akiwa..." Simba wa skrubu akatazama dari. "Akiwa amepumzika."

Hapo Mshonaji akatwaa silaha ya kazi yake, yaani utepe wa kupimia, akaenda kwa mama yake na maneno matamu ya gauni jipya. Akamkalisha juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akapima sakafu hadi goti, goti hadi kiwiko, bega hadi ncha ya vidole.

"Gauni gani hili," mama akauliza, "linalopimwa mtu akiwa amekaa juu ya ndoo?"

"Mtindo mpya, mama."

"Na kiwiko kinahusu nini?"

"Mikono yake mipana."

 Bi Vifungo akamtazama binti yake, akautazama mlango ambao nyuma yake kivuli kirefu kilisimama kikijifanya si kivuli, kisha akanyoosha mikono yote miwili mbele, kama mtu anayejaribu kuinuka.

"Basi pima vizuri," akasema. "Nisije nikashonewa gauni la mtu mrefu."

Nyuma ya mlango, kivuli kikameza mate.

Mkuu wa soko alipoombwa ruhusa aliitoa, ila kwa sharti: kazi ifanyike mchana, wakati geti liko wazi, na vyoo vingine visifungwe hata kwa dakika. Hivyo Fundi Taratibu akaenda vitani soko likiwa limefurika. Alijifunga mkanda wa vifaa kiunoni, akaweka penseli sikioni mfano wa shada la ushindi, akaitwaa drili yake, ambayo wazee waliiita keekee, akaiweka begani kama mkuki, na mkononi akashika vyuma viwili alivyovisugua hata mtu angeweza kujinyolea kwa kujitazama humo. Bi Zamu akamtangulia, akapiga mbiu: "Mwanamume anaingia! Mwenye cha kufunika afunike!"

Choo cha mwisho kikafungwa kwa kamba. Na foleni ilipoiona ile kamba, ikaasi.

Aliyeongoza uasi ni Mama Vitunguu, mwanamke wa kifua kipana, ambaye sauti yake hufika sokoni kabla yake. Akasimama juu ya ngazi ya mlangoni, akahutubu:

"Enyi wanawake wa foleni! Miguu tumeibana, subira tumeibana, sasa hata pumzi tumeibana! Choo chetu kimetekwa na mwanamume mwenye mashine, nasi tumesimama tunatazamana kama vikombe kabatini! Tutanyamaza mpaka lini?"

"Mpaka nimalize, mama yangu," ikajibu sauti ya upole kutoka ndani.

"Unamaliza lini?"

"Ukuta ndio unaojua."

Ukuta wa kulia ulijua upesi. Ulikuwa wa tofali zima, adui muungwana. Fundi akabandika utepe wa gundi juu ya kigae ili ncha ya drili isiteleze, akaanza polepole, kigae kikapiga kelele, vumbi likapanda, shimo likakaa. La pili likafuata, hata yote yakatimia. Skrubu zikaingia zikinguruma, na chuma cha kwanza kikashika kama ng'ombe aliyetia kwato matopeni. Nje, foleni ikaguna kwa heshima kidogo.

Lakini ukuta wa kushoto ulikuwa adui mwenye hila. Juu vigae vizuri, ndani mtupu. Drili ilipenya ghafla, kidole gumba cha Fundi kikagonga kigae, na hapo ndipo lilipomwagika lile tone la damu nililowaambia. Akatia skrubu, ikazunguka. Akatia nene zaidi. Nayo ikazunguka, ikicheka. Simba akateremsha kifuniko cha choo, akakaa juu yake, akashika tama.

Wakati huohuo Mama Vitunguu, subira yake ikiwa imefika ukingoni kwa namna zote, akairuka kamba na kusukuma mlango.

"Ndiyo kazi uliyokuja kufanya? Kukaa?"

"Mama, ukuta huu ni mtupu. Nikikifunga hivi, leo kitashika na kesho kitashika, halafu siku moja kitang'oka na mtu mkononi. Bora nisikiweke kabisa."

"Mtu gani?"

Fundi akasita. "Wa zipu," akasema. "Mama mkwe wangu."

Mama Vitunguu akanywea. Ile sauti iliyotikisa mabati ikashuka hata ikawa kama ya mtu aliye msibani. "Siku ile mimi nilikuwa wa pili kwenye foleni," akasema. "Niliuona uso wake alipotolewa. Kesho yake nilitaka kwenda kununua uzi, nikashindwa kumtazama, nikapita njia ya nyuma." Akakunja mikono ya gauni. "Haya. Unataka nini?"

"Bolti zipite ukuta mzima, na nyuma zikazwe na bamba la chuma. Hapo hata tembo angeshikilia. Tatizo ni nyuma ya ukuta."

"Nyuma kuna nini?"

"Wanaume."

Fundi akazunguka upande wa pili, akabisha mlango wa choo kinachopakana na ukuta ule. Bahati mbaya ngome hiyo ilikuwa na mwenyewe. Alikuwa Mzee wa Gazeti, aliyeingia humo kila siku na gazeti lake na asitoke mpaka amesoma hata matangazo ya vifo, na watu waliokuwa wakisubiri walikwisha kumnung'unikia mpaka wakachoka.

"Pana mtu!"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Pana mtu."

"Nakuomba utupishe kidogo tu."

"Mwanangu, kuingia kwangu nilisubiri, na kutoka kwangu kuna utaratibu wake. Sasa hivi niko kwenye michezo."

"Ni kazi ya vyuma vya kushikia, mzee. Kuna mama hawezi kuinuka akishakaa. Ameacha kunywa maji kwa sababu hiyo."

 Gazeti likasikika likikunjwa, mkunjo mmoja baada ya mwingine.

"Na mimi," sauti ikasema, chini kwa chini, "unadhani nakaa humu kwa kupenda habari?"

 Fundi akasimama pale na bamba lake mkononi.

"Pitisha bamba chini ya mlango," mzee akaendelea, na sauti yake sasa ilikuwa ya jemadari. "Na spana. Na hizo nati. Nitakaza mwenyewe, nimekaa mahali pake hasa!"

Sikilizeni basi, enyi jamaa, jinsi majeshi mawili yalivyokutana ukutani! Huku Fundi Taratibu akitoboa, kule Mzee wa Gazeti ameinamisha kichwa, gazeti amelifunika juu ya upara wake, vumbi likimnyeshea. Huku Mama Vitunguu ameshika kichwa cha bolti kwa koleo na meno ameyauma, kule mzee anapindua spana na kuhema.

"Inazunguka!" mzee akapiga kelele.

"Mama, ibane!"

"Nimeibana mpaka nimejisahau!"

"Imeshika!" sauti ikaja kutoka ng'ambo, ikipasuka kwa furaha. "Lete nyingine! Lete nyingine, nawaambia!"

Nati ya mwisho ilipokazwa, Mama Vitunguu hakungoja kuambiwa. Alikishika kile chuma kwa mikono miwili, akakunja miguu, akaning'inia na uzito wake wote, uzito ambao mizani ya soko ilikuwa ikiukwepa. Ukuta ukanyamaza. Chuma kikanyamaza. Bi Zamu akachungulia mlangoni, akaliona jambo hilo, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake akakosa neno. Naye Fundi hakwenda kupumzika. Alirudi karakana kuchukua chuma kingine, na kabla soko halijafungwa ngome ya Mzee wa Gazeti nayo ilikuwa na pa kushika.

Kesho yake hakuna aliyemwambia Bi Vifungo lolote. Mshonaji aliweka jagi la maji na bilauri juu ya meza ya mama yake, katikati ya zipu, akasema ana haraka, akaenda zake. Soko zima likajitia shughulini. Bi Vifungo alilitazama lile jagi. Alimuuzia mtu kifungo, akalitazama tena. Kisha akamimina bilauri moja, akainywa bila kupumzika. Akamimina ya pili.

Baadaye akaishika meza, akasimama, akaenda.

Walipomwona, wanawake wa foleni wakamfungulia njia kama pazia. Akakataa. "Kwani mimi mgeni?" akasema, akajipanga nyuma ya mtu wa mwisho, akasogea kila foleni iliposogea, mpaka zamu yake ikafika. Akaingia choo cha mwisho. Mlango ukafungwa.

Nje kwenye bomba, Fundi Taratibu alikuwa anasafisha spana iliyokwisha kuwa safi tangu jana. Mama Vitunguu alikuwa amemshika Bi Zamu mkono bila kujua.  Hata wale waliobanwa walibanwa kimya kimya.

Kisha ndani kukasikika ngurumo ya maji yakishuka, na baada yake nyayo. Mlango ukafunguliwa kutoka ndani, na Bi Vifungo akasimama kizingitini kwa miguu yake mwenyewe, kanga yake imenyooka, kidevu juu. Vigelegele vikapasuka hata njiwa wakaruka kutoka paani. Na upande wa wanaume, sauti ya mzee ikashangilia peke yake nyuma ya ukuta.

Bi Vifungo akawatazama wote, mmoja mmoja.

"Kwani kuna harusi?" akauliza.

Akanawa mikono taratibu, akaipangusa, akampitia mkwe wake aliyekuwa ameinamia spana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu." Akasimama. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata wingu. "Naona mvua inakuja."

"Naam, mama," akajibu shujaa, kwani shukrani alikwisha kuisikia. "Dalili zipo."

Basi na waandike wenye kuandika, na wasimulie wenye vinywa, kwamba katika enzi zetu, sokoni, foleni ikiwa ndefu na jua likiwaka, mwanamke aliingia peke yake, akaketi, akainuka, akatoka. Na alasiri ileile, bila kulazimishwa na mtu, akaenda tena.