Mimi, Mtu wa Katikati, na Ubatizo wa Nettie

Jumatatu, 14 Oktoba

Leo ni sikukuu. Kirsten anaiita Siku ya Wenyeji wa Asili, Janelle anaiita siku ya baharia aliyeigundua Marekani, na ukiitaja kwa jina la mmoja mbele ya mwenzake umejitakia. Mimi naiita Jumatatu.

Siku sita zimebaki. Jumapili anabatizwa Nettie, mjukuu wangu wa kwanza na wa pekee, wiki kumi na moja, shingo haionekani kwa unono. Mama yake ni Janelle, binti yangu mdogo. Kirsten, dada yake mkubwa, hajamshika mtoto huyo hata mara moja. Na wanakaa mji mmoja! Walipokuwa wadogo walilala kitanda kimoja, wakaapiana kwamba kila mmoja atakuwa mama wa ubatizo wa mtoto wa kwanza wa mwenzake. Nilikuwa nje ya mlango, nilisikia kwa masikio yangu.

Mwaka juzi wakavurugana. Kirsten ni mkutubi wa mji, mtu wa mrengo wa kushoto mpaka kwenye soksi. Janelle na mumewe Cody wanafuga ng'ombe, watu wa kulia mpaka kwenye kofia. Janelle alisimama kwenye mkutano wa maktaba akataka vitabu sita viondolewe rafu ya watoto. Kirsten akamwita mchoma vitabu. Janelle akamwita mharibu watoto. Mbele ya watu arobaini! Hakuna kitabu kilichoungua, hakuna mtoto aliyeharibika. Mimi niliketi safu ya katikati, nikampigia makofi kila mmoja, kwa haki. Hakuna aliyenishukuru.

Tangu hapo kimya. Kila mmoja anasema mwenzake ndiye aanze kuomba radhi. Mji mzima umepasuka vivyo hivyo, hata vinyozi sasa ni wawili. Lakini hao wengine si wanangu. Nimeapa: Jumapili Kirsten atasimama kando ya Janelle mbele ya madhabahu. Nina mpango.

Jumanne, 15 Oktoba

Mpango ulikuwa mabango. Uchaguzi ni wiki tatu zijazo, na kila nyumba imechomeka bango la mgombea wake kwenye majani ya mbele. Nikachomeka mawili, moja la kila chama, kimo kimoja, umbali sawasawa kutoka njiani. Nilipima kwa futi kamba. Nilitaka wanangu wapite waone kwamba yanaweza kukaa uwanja mmoja bila kung'oana.

Saa tatu asubuhi Janelle akapiga simu, akauliza nimeanza lini kuwadhihaki watu wanaomcha Mungu. Saa tatu na nusu Kirsten, akauliza nimeona wapi kwamba pande hizo mbili ni sawa. Nikayang'oa. Nikachomeka bango tupu, lisilo na neno. Kufika mchana mtaa wa juu wanasema ni ishara ya siri ya wa kushoto, mtaa wa chini wanasema ni ishara ya siri ya wa kulia. Bango tupu!

Duane Pribyl, jirani yangu, ndiye mtu mwingine wa katikati aliyesalia hapa mjini. Akaja kunifariji. Akasema mtu wa katikati wa kweli hana bango kabisa. Nikamwambia huo ni woga. Akasema bango tupu ni majivuno. Tukabishana nani kati yetu yuko katikati zaidi, tukafika mahali pabaya. Sasa hatusalimiani. Chama cha watu wawili, kimegawanyika.

Mke wangu Ardis amesema niache. Sijaacha. Kesho ni chakula cha jioni kanisani.

Jumatano, 16 Oktoba

Aibu. Aibu tupu. Lakini niandike.

Chakula hiki tunakula kila mwaka ukumbi wa chini wa kanisa, tangu babu zangu walipoleta Ulutheri huku Minnesota. Zamani uliketi popote. Siku hizi wa kushoto wanaketi upande wa piano, wa kulia upande wa jiko la kupashia joto, na kila upande unakula vyakula vya watu wake tu. Mimi hula nimesimama, karibu na birika la kahawa.

Kila nyumba huleta chakula cha kuoka kwenye bakuli la kioo. Mabakuli yote yanafanana, kwa hiyo kila mtu hubandika ubavuni mkanda wa karatasi wenye jina la ukoo. Akina mama wa jikoni husoma mkanda, hupeleka bakuli kwenye meza ya mwenyewe. Wanangu wote wawili hupika pishi la marehemu mama yangu: nyama ya kusaga, maharage mabichi, supu nzito ya uyoga ya kopo, na vipande vya viazi juu. Tofauti ni kwamba Kirsten hali nyama, mwaka wa tisa huu. Yeye huweka dengu. Ila juu yote ni viazi, huwezi kujua.

Nikaingia jikoni, nikabadilisha mikanda. Hesabu yangu ilikuwa hivi: kila upande utasifia chakula cha upande wa pili, mimi nitatangaza, watu watacheka, mabinti watakumbatiana.

Na wakasifia! Mzee Merle, baba yake Cody, mfuga ng'ombe tangu azaliwe, alikula sahani mbili akaenda kuchukua ya tatu. Akamwambia Janelle, "Mkwe, leo umetuua kwa utamu." Sikuweza kujizuia. Nikapanda juu ya kiti. Nikatangaza kwamba Mzee Merle ameshiba dengu za Kirsten, na sasa tuwe ndugu.

Merle akaweka uma chini pole pole, kama mtu aliyeambiwa amekula paka. Halafu nikasikia kiti kinaanguka upande wa piano. Kirsten amesimama, mkono mdomoni. Hilo sikulifikiria. Mpishi naye hula chakula chake, nani asiyejua? Mimi sikujua. Alikuwa amekula vijiko viwili. Akakimbilia msalani, na tulimsikia analia kule ndani, watu sitini tumeshika sahani.

Janelle akaniambia, "Baba, umewafanya wakwe zangu kichekesho. Si useme tu uko upande wake?" Kirsten alipotoka, macho mekundu, akaniambia, "Miaka tisa, Baba. Ulijua. Si useme tu uko upande wake?"

Maneno yale yale! Wanafanana mno. Njiani Ardis alisema neno moja tu: mshika mbili moja humponyoka. Nikamjibu kwamba mimi zimeniponyoka zote mbili, kwa hiyo methali haihusu. Hakucheka.

Alhamisi, 17 Oktoba

Siamini!

Janelle amempigia Kirsten simu. Yeye mwenyewe! Ardis amesimulia, kaambiwa na wote wawili. Janelle alisema, "Ile nyama sikuweka mimi. Tumegombana, sawa, lakini mimi siwezi kukufanyia vile." Kirsten akasema anajua. Kisha Kirsten akauliza mtoto ana uzito gani sasa. Janelle akataja. Kirsten akasema, "Mungu wangu, huyo ni mtoto au ndama?" Na Janelle akacheka. Dakika kumi na moja walizungumza! Mwisho Janelle akamwambia, "Njoo Jumapili, ukae tu. Mengine tutaona." Kirsten akasema atafikiria.

Ardis alikuwa analia huku anaosha vyombo. Nikamwambia, umeona mpango wangu ulivyofanya kazi? Akageuka na povu mikononi. Akasema, "Baba Kirsten, sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Leo nakuomba. Usiguse. Ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Nenda kakusanye majani uwanjani."

Nikakusanya majani dakika arobaini nzima. Lakini kichwa hakitulii. "Atafikiria" si "ndiyo." "Ukae tu" si mama wa ubatizo. Zimebaki siku tatu. Chungu kiko motoni, karibu kuchemka, na mimi nikae nakusanya majani?

Ijumaa, 18 Oktoba

Imekwisha. Yaani, nimeimaliza kazi. Sijamwambia Ardis.

Nimegundua siri. Siku zote hizi hakuna anayetaka kushinda uchaguzi wala vitabu. Kila mtu anataka neno moja tu kutoka kwa mwenzake: wewe ndiye uliyekuwa na haki. Neno dogo! Basi nikawapa.

Nimebeba barua za mji huu miaka thelathini na moja, mpaka nikastaafu. Mwandiko wa kila mtu naujua. Kirsten herufi zake zinalala kushoto, usiniulize kwa nini. Janelle huweka duara dogo badala ya nukta. Nikanunua kadi mbili zenye picha ya bata. Katika kila kadi nikaandika: Ulikuwa na haki tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyekosea. Nisamehe. Tuonane Jumapili. Ya Janelle nikaitia sahihi ya Kirsten, ya Kirsten nikaitia ya Janelle.

Kutia barua isiyo na stempu kwenye sanduku la mtu ni kosa la sheria, nimewakemea watu kwa hilo maisha yangu yote. Kwa hiyo nikabandika stempu, na muhuri nikauchora kwa kalamu nyeusi, mistari ya mawimbi, kazi safi. Asubuhi nikazipeleka mwenyewe, kila kadi kwenye sanduku lake. Nimejisikia kijana.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nani angejua kwamba wangesoma kwa sauti?

Janelle alipeleka kadi kwenye kundi lake la akina mama wa Biblia. Akaisoma amesimama. Mama mkwe wake akapiga makofi, akasema hatimaye yule bibi wa vitabu amepiga magoti. Wakacheka wote. Na Janelle alicheka. Wakati huo huo Kirsten ameibandika ya kwake kwenye ubao wa maktaba, nyuma ya kaunta, na wenzake wanapita wanasema hongera, umemnyoosha. Naye alicheka. Mji huu una watu mia tisa. Habari haihitaji posta. Kufika saa sita kila mmoja ameshasikia kwamba mwenzake anajigamba.

Wakakutana uwanja wa kuegesha magari nje ya duka la vyakula, kila mmoja na kadi mkononi. Bata kwa bata. Haikuwachukua hata dakika kujua ni mimi, kwa sababu ya muhuri. Inaonekana siku hizi mawimbi hayako hivyo.

Nilidhani basi watanikasirikia mimi, na hilo ningelipokea kwa furaha. Kirsten amekuja kibarazani, hakuingia ndani. Nikaanza kujieleza. Akaniinulia mkono. Akasema, "Uongo wako nimeuzoea, Baba. Lakini mimi nilidhani mdogo wangu ananiomba msamaha, na nilichofanya ni kwenda kumcheka mbele za watu. Na yeye kanifanyia hivyo hivyo. Sasa nikamtazame vipi?"

Nilimwambia kila upande una hoja. Akaondoka.

Saa kumi Janelle akampigia mama yake. Ubatizo umehamishwa. Utakuwa kwenye kanisa la akina Cody, maili arobaini kutoka hapa. Mama wa ubatizo ni dada yake Cody. Ardis amealikwa. Mimi sikualikwa.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimebaki nyumbani na suti nimevaa. Kuivua ilionekana kama kukubali.

Ardis alirudi saa nane mchana. Alikaa mezani na koti lake, akasimulia bila kunitazama. Nettie alilala muda wote, hata maji hayakumwamsha. Dada yake Cody alimshika vizuri. Walipokuwa wanatoka, milango ilipofunguliwa, Ardis aliona gari la Kirsten ng'ambo ya barabara, limewashwa. Kirsten ndani, amevaa gauni lake la bluu la kanisani, na kiti cha pembeni kina boksi la zawadi lenye utepe. Alipoona watu wanatoka, akaondoa gari. Janelle alikuwa ngazini na mtoto mikononi. Aliliona. Aliinua mkono kupunga, lakini gari lilikuwa limeshakata kona. Ardis anasema Janelle alibaki pale na mkono juu mpaka Cody akaja kumshika bega.

Moyo umeniuma, sifichi. Wanangu wale. Sijui tumefikaje hapa.

Halafu nikafikiri: maili arobaini! Mtu asiyejali haendeshi gari maili arobaini na boksi lenye utepe. Kosa langu sasa naliona wazi. Kadi ni kitu kikavu. Hawa wanahitaji jambo la kuwatikisa. Mama yao akiugua ghafla, watakuja wote wawili kwa mlango mmoja, na Nettie atakuja naye, maana ananyonya. Si augue kweli. Alale tu saa moja, mapazia yafungwe, sauti iwe ndogo.

Nimemweleza Ardis. Ameinuka, ameingia chumbani, amefunga mlango, na sasa namsikia analia huko ndani. Analia vizuri sana, mtu angedhani ni kweli. Nimerusha sarafu nijue nimpigie nani kwanza, isije ikasemwa nina upande.