Filamu Zinaruka Ukuta

Jumatano, 2 Januari 2019

Siku ya tatu bila intaneti. Wamekata nchi nzima, eti tusubiri matokeo ya uchaguzi kwa utulivu. Utulivu gani! Kampemba nzima, mtaa wetu hapa Lubumbashi, inatembea na simu mkononi ikitafuta mtandao kwenye paa za watu. Habari zinapita mdomoni tu, na kila mdomo unaongeza chumvi yake.

Msiba mkubwa zaidi uko kwa jirani. King'amuzi cha Mama Albertine, mama wa Ngalula wangu, kimezimika, malipo yamekwisha, na bila mtandao hakuna wa kumlipia na kumwunganishia tena. Hana tamthilia. Anasema kama Lubumbashi haina cha kutazama, heri aende kwa dada yake Mwene-Ditu, kule Kasai, na Ngalula atakwenda naye. Miaka mitano ya uchumba ipande treni hivi hivi!

Ngalula amenisemesha juu ya ukuta. "Raoul, tuma baba mudogo yako akuye kuuliza tarehe. Njo ile tu." Baba mdogo yuko Likasi, suti yake imepigwa pasi tangu Pasaka. Lakini mambo hayaendi kienyeji hivyo. Kwanza mama afurahi, ndipo tarehe ya ndoa iulizwe. Nina mpango.

Alhamisi, 3 Januari

Mpango: kompyuta yangu ina filamu mia tatu na tamthilia ya sehemu sitini na nne, juu ya mke aliyezikwa mzima akarudi na jina jingine. Mama atazame hiyo.

Tatizo: kwetu Waluba, mkwe na mama-mkwe hawakai chumba kimoja. Tukikutana njiani mimi naingia mtaroni. Nitamwendeshaje filamu mtu ambaye siruhusiwi kumtazama usoni?

Suluhisho (nimejipigia makofi): Playstation yangu ikae sebuleni kwao, kompyuta ibaki chumbani kwangu, ruta iwe juu ya ukuta katikati. Filamu zinaruka ukuta kwa wifi ya nyumbani, intaneti haihitajiki hata chembe. Mimi nabonyeza huku, mama analia kule. Heshima imetunzwa.

Playstation imepelekwa na Muhindo, mpangaji wao wa chumba cha nyuma. Ni Mnande wa Butembo, anauza maharage kwa jumla, ana kamioneti ya kubebea magunia. Simpendi. Anacheka mapema mno mtu akitania.

Jumamosi, 5 Januari

Onyesho la kwanza. Sauti ilifika, picha haikufika. Mama alisikiliza mazishi dakika kumi gizani. Faili si za aina inayokubaliwa na mashine. Nikazigeuza moja moja mchana kutwa.

Onyesho la pili. Mvua. Nikaifunika ruta kwa sufuria ya alumini isilowe. Wifi ikafa papo hapo! Dakika arobaini nawatukana waliokata intaneti, mpaka Muhindo akauliza kutoka kule kama ile sufuria ni lazima. Kweli haikuwa lazima. Nimeweka beseni la plastiki.

Onyesho la tatu. Picha, sauti, kila kitu! Halafu umeme ukakatika. Muhindo akawasha jenereta yake, akanirushia na mimi waya juu ya ukuta. Shujaa wa jioni ni nani? Muhindo. Na amekaa wapi? Kwenye kochi, ubavuni mwa Mama Albertine, wanamenya karanga kwenye sahani moja! Eti yeye si Mluba, mwiko haumhusu. Mimi mwenye filamu nakaa peke yangu na feni.

Jumatatu, 7 Januari

Balaa. Ruta nilikuwa nimeipa jina RAOUL-NET, kwa fahari kidogo. Kumbe simu za mtaa mzima zinaiona. Saa nane mchana watu kama sitini wamejaa mbele ya lango la Papa Laurent, baba yake Ngalula, kwa kuwa ishara ina nguvu zaidi pale. Wanataka neno la siri. Nikawaeleza kwamba hii ni wifi tupu, haitoki nje ya ukuta. Mwanamke mmoja akapaza sauti: "Iko na connexion, anatufichaka!" Wakaanza kupiga lango.

Papa Laurent hakusikia habari ya wifi. Alisikia lango. Mwaka tisini na mbili walipiga lango hivyo hivyo, Wakasai, yaani sisi Waluba, wakafukuzwa hapa Katanga, akalala wiki tatu stesheni na Ngalula hajazaliwa. Alitoka na sanduku tayari mkononi. "Bale bantu banatafuta nini ku mulango yangu?" Niliona aibu kweli. Sikucheka, na mimi hucheka kila kitu.

Muhindo akawatawanya kwa kusema anagawa maharage kwenye depo.

Jumanne, 8 Januari

Nimebadilisha jina la wifi, lakini haikusaidia. Papa Laurent ameamua: Ijumaa wanaondoka wote, Mwene-Ditu. Mimi ndiye niliyemfukuza baba-mkwe wangu kwa ruta!

Lakini Mama Albertine amegoma. Hatoki Lubumbashi kabla hajajua kama yule mke atamnyang'anya mumewe kiwanda. Zimebaki sehemu thelathini na nane. Nimeruka chumbani kwa furaha. Kuanzia leo ni sehemu moja kwa siku, basi. Nikimpimia polepole, tutafika katikati ya Februari.

Alhamisi, 10 Januari

Matokeo yametangazwa. Kelele barabarani, wengine wanacheza, wengine wamefunga milango. Papa Laurent amekaa juu ya sanduku lake uani na redio sikioni. Mama ametazama sehemu ya ishirini na tisa na kusema ni fupi.

Ngalula amerudi ukutani. Anasema leo baba yake anaogopa, akiona mzee mwenye suti amekuja kwa heshima kuomba binti, atatulia. "Tuma baba mudogo. Leo." Macho yake yalikuwa mekundu. Nikamwambia avumilie mpaka sehemu ya sitini, hapo mama atakuwa laini. Akashuka kwenye tofali bila kuaga.

Jumamosi, 12 Januari

Nimekwisha.

Mama Albertine amechoka kubaniwa. Mchana nikiwa nimesinzia, alichukua manete ya Playstation mwenyewe aitafute sehemu inayofuata. Muhindo alimwonyesha vitufe, bila shaka! Sasa, siku ile nafunga mitambo, kompyuta iliniuliza nishirikishe folda zipi. Nilikuwa na haraka. Nilijibu: zote.

Akafungua folda yenye jina PRIVÉ. Ndani yake mimi, Juni iliyopita, nimevaa kitenge, mto wa kitanda umefungwa nyuma, natembea kama yeye na kugombana na mwuza nyanya kwa sauti yake. Na aliyekuwa akirekodi anasikika vizuri sana akicheka. Ngalula.

Niliamshwa na sauti yangu mwenyewe ikigombania nyanya ng'ambo ya ukuta. Halafu Mama, taratibu: "Ule njo miye?"

Halafu Muhindo akacheka. Mapema mno.

Jumapili, 13 Januari

Hukumu imeletwa na Papa Laurent ukutani. Mbuzi mmoja na kitenge kipya, viletwe na mjumbe wa kuheshimika aombe radhi kwa niaba yangu. Kabla ya hapo, neno tarehe lisitamkwe. Habari njema: barabara zimetulia, na sanduku lake limerudi juu ya kabati. Hawaondoki. Kimsingi, mpango wangu umefaulu.

Jumapili, 20 Januari

Intaneti imerudi! Ujumbe mia mbili kwa mpigo. Mmoja wa baba mdogo: aje? Nimemjibu bado, kuna suala la mbuzi.

Nani awe mjumbe? Nimefikiri sana. Awe mtu anayependwa na Mama, mwenye kamioneti, anayejua kuongea. Muhindo! Tena akiwa mjumbe wangu, atakuwa upande wangu. Alikubali kabla sijamaliza sentensi. Ngalula ataandamana naye soko la Ruashi kuchagua mbuzi, kwa kuwa anajua ladha ya mamake.

Jumamosi, 26 Januari

Muhindo ni mjumbe wa ajabu! Nilimwomba mbuzi mmoja, kaleta sita. Kitenge kimoja, kaleta sanduku zima. Na hakuja peke yake: wazee wanne wa ukoo wake walitua uwanja wa ndege wa Luano jana kutoka Butembo, makoti meusi, mmoja ana bahasha. Kusafiri mbali hivyo kuniombea radhi mimi, wasiyenijua! Nimeona haya kwa yote niliyoandika humu.

Mimi siingii, mwiko ni mwiko. Nimewaazima viti vyangu vyote. Papa Laurent alivipokea juu ya ukuta, akanishika bega, akasema mimi ni mutoto muzuri, pole. Pole ya nini, na mambo yanakwenda hivi? Ngalula nimemwona kwa mbali, kafunikwa kitambaa kichwani, shangazi wawili wamemshika mikono. Amependeza kupita kiasi kwa siku ya radhi tu. Nikampungia mkono, akatazama chini.

Saa kumi Muhindo amechungulia, jasho linamtoka, akaomba muziki wa kucheza. Nimeutuma kutoka kompyuta hadi Playstation, haukukwama hata mara moja. Kazi safi kabisa. Baba mdogo nimemwandikia asubiri tena kidogo, tarehe iko karibu. Vigelegele vimeanza kule. Nimeongeza sauti.