Naomba Mke Wangu Aondolewe Mnato

Mheshimiwa Mkuu wa Idara ya Fizikia,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni fundi magari, mume wa yule mwanafunzi wako mtu mzima. Naandika kwa unyenyekevu kulalamikia nyota iliyolipuka kabla hatujazaliwa, ambayo wimbi lake la mlipuko limefika hadi garaji kwangu.

1. Mke wangu anasema wataalamu wengi hulipigia hesabu wimbi hilo kana kwamba gesi yake haina mnato hata chembe, inateleza tu. Hesabu zinatoka safi. Yeye akaona hapana, lazima autie mnato huo. Sasa ukingo wa wimbi, uliokuwa mkali kama wembe, umekuwa mnene, na sehemu ya mwendo wake inageuka joto. Sikatai. Lakini nani alimtuma?

2. Tangu hapo kila mchana anakuja garaji na daftari. Anachovya kidole kwenye oili ya gia, ananiuliza inashikaje, inavutikaje, inachelewesha nini. Juzi mwalimu mmoja alikuja kubadilishiwa breki, akaondoka na somo la saa nzima na breki zilezile.

3. Nilimwambia mbele ya mafundi wenzangu, "Mama watoto, kitu kikipata moto kinalegea. Hii ndiyo kazi yangu." Akanijibu kwa upole, "Oili ndiyo, baba watoto. Gesi ikipata moto, mnato unazidi." Walicheka mpaka spana zikawadondoka. Miaka kumi na tisa kazini, leo naitwa Gesi.

4. Mama mkwe alikuja kututembelea kwa wiki moja. Sasa ameshika upande wa binti yake, haondoki mpaka aone mchoro wa wimbi hilo. Wiki ya tano hii.

Kwa hiyo naomba, kwa mamlaka uliyo nayo, umwamuru auondoe mnato huo, nyota ilipuke kama zamani, nami nifanye kazi.

Wasalimie walimu wote, makarani, na mlinzi wa getini aliyenielekeza ofisini kwako wiki iliyopita kwa uvumilivu mkubwa.

Wako mtiifu,
Fundi wa garaji ya nyuma ya soko

Nyongeza: Sijafunga bahasha, mke wangu kanipigia simu. Kumbe jana ulishamwambia mnato ni mdogo mno, aufute, naye kaufuta. Leo hakuja. Magari yote nimeyamaliza kabla ya saa nane, nimekaa tu. Profesa, tangu tuoane, ile ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuniuliza chochote kuhusu kazi yangu. Nakuomba sana, mrudishie. Hata kidogo tu.