Mume Wangu Hamezi Chai

Guwahati, Alhamisi, tarehe 11 Juni.
Asubuhi: mvua nyepesi tangu alfajiri, kilima hakionekani, nguo za jana bado mbichi.

Kwa Meneja,
Chumba cha Kuonja,
Kampuni ya Madalali wa Chai ya Phukan na Chetia.

Bwana Meneja Mheshimiwa,

Mimi ni Labanya Hazarika, mke wa Khagen Hazarika, aliyekuwa mwonjaji wenu mkuu wa chai kwa miaka thelathini na mmoja, hadi mlipomstaafisha Januari kwa shada la maua na saa ya ukutani. Saa inakwenda vizuri, asanteni. Malalamiko yangu yanahusu mume.

Mlichukua kijana anayemeza chai. Mmenirudishia mzee anayeitema. Kwa heshima zote naomba mmrekebishe, au mkishindwa, mmwite kazini kwa dharura Jumapili hii, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa saba mchana. Sababu zangu nimezinakili kutoka katika shajara yangu.

1. Kila asubuhi huvuta chai mdomoni kwa kishindo, huizungusha mashavuni, kisha huitema katika ndoo yangu ya kudekia. Siku ya kwanza dada Monju, jirani wa chini, alipanda ngazi mbio akiuliza, "Bomba limepasuka?" Nikamwambia ni Baba Bitupi anakunywa chai. Akasema, "Anakunywa, au anaivuta kutoka kisimani?" Tangu siku hiyo nimeandaa vikombe mia nne na kumi na viwili. Hakumeza hata kimoja.

2. Badala ya asante, napewa hukumu. Tarehe 3 Februari: "Nyembamba." Tarehe 19 Machi: "Kopo la majani limekaa karibu na bizari." Ni kweli lilikaa, lakini kwa usiku mmoja tu. Tarehe 2 Mei: "Imechoka, Mama Bitupi. Ilizaliwa imechoka."

3. Msidhani sijui kupika chai. Nafuata kila alichonifundisha. Nakinga maji mapya ya baridi, nayachemsha mara moja tu, maana maji yaliyochemshwa mara mbili yamekufa. Nalipasha birika joto kwanza. Natia kijiko kimoja cha majani kwa kila kikombe, namimina maji yakiwa bado yanatokota, nafunika, nangoja dakika tano kwa saa yenu, nachuja bila kuyakamua majani, kwa sababu yakikamuliwa hutoa uchungu. Nafanya yote hayo, halafu kazi yangu inakwenda kusafishia sakafu.

4. Nilimsihi ameze, walau siku ya sikukuu. Akanijibu, "Mtu akimeza vikombe mia mbili kwa siku atakufa." Nikasema, "Ni kimoja, Baba Bitupi." Akasema, "Huanza na kimoja." Askari akistaafu hurudisha bunduki. Ninyi mlimwacha aondoke na ulimi.

5. Sasa naja kwenye jambo lenyewe. Tarehe 24 Mei tulikwenda kwa Bwana na Bibi Borpujari, wazazi wa kijana anayetaka kumwoa binti yetu Bitupi. Bibi Borpujari alituletea chai kwa mikono yake mwenyewe. Mume wangu akavuta, akazungusha, akatazama kushoto, akatazama kulia. Ndoo hakuna. Akatema katika sinia ya shaba yenye mguu, ile ya kukaribishia wageni, juu ya popoo na tambuu. Kisha akasema, "Imekamuliwa." Bitupi hajazungumza na baba yake hadi leo. Jumapili hii wakwe watakuja kwetu kutoa jibu la mwisho, nao pia watapewa chai.

6. Ikiwa hamwezi kumwita, tafadhali mtumieni cheti chenye muhuri kinachomruhusu kumeza. Muhuri huuheshimu.

Nisalimieni waonjaji wote, karani wa mizani, na yule mama anayeosha vikombe, ambaye namwonea huruma ya dhati.

Wenu katika subira,
Labanya Hazarika (Bibi)

Tanbihi. Jumapili, tarehe 14. Barua hii bado ninayo, kwa kuwa barabara yetu ilijaa maji tangu Ijumaa. Wakwe walifika wakiwa wamebeba viatu mikononi. Bibi Borpujari aliingia moja kwa moja jikoni: "Leo mtakunywa chai ya mkono wangu, mkwe mwenzangu, na ya juzi tuyasahau." Akachukua maji yaliyobaki ya asubuhi, akayachemsha tena, akatia majani kwa konzi, akayakandamiza kwenye kichujio mpaka nikayahurumia.

Ndoo nilikuwa nimeificha. Mume wangu alimtazama Bitupi, akainua kikombe, akanywa chote. Alimeza! Nililiona koo likipanda na kushuka. Akasema, "Nzuri sana," machozi yakimlengalenga. Bitupi akamshika mkono. Kwa furaha nikachukua kikombe changu.

Nikasikia kishindo. Dada Monju akapaza sauti kutoka chini, "Bomba tena!" Kishindo kilikuwa changu. Nilitema katika sinia yetu ya shaba, juu ya popoo, nikajisikia nikisema, "Maji yamekufa, na majani yamekamuliwa."

Kisha Bwana Borpujari akaweka kikombe chake chini taratibu. "Miaka ishirini na sita," akasema, "nilikuwa nangoja mtu aseme."

Bibi Borpujari alinikazia macho. "Haya, wewe mwenye mdomo, nifundishe." Tukakinga maji mapya. Kwa dakika tano sote sita, na kijana wao akiwemo, tulikodolea macho saa yenu ukutani. Chai ilitoka nyekundu, inang'aa kama shaba iliyosuguliwa. Bibi Borpujari alikunywa vikombe viwili, akasema binti wa nyumba hii hawezi kuachwa aende kwingine. Harusi ni Novemba.

Kwa hiyo msimwite mume wangu, wala cheti msitume. Nauliza tu kama nafasi yake imeshajazwa. Nina vifaa vyangu, ikiwemo ndoo, na naweza kuanza kesho maji yakipungua.

Ni saa kumi na robo alasiri. Nakwenda kulala.