Bampa Nyeusi za Mjomba wa Bi Harusi

Jumatatu, 8 Septemba

Simu kutoka Mbamba Bay. Jumamosi mpwa wangu Rosina anaolewa, na kamati ya harusi inataka picha ya gari litakalombeba. Gari la nani? La mjomba! Yaani mimi, Kilian, kaka pekee wa mama yake. Rosina akiwa darasa la kwanza nilimpakia kwenye baiskeli, nikamwahidi kwamba siku ya harusi yake nitamwendesha kwa gari. Gari sikuwa nalo. Neno nilikuwa nalo.

Tatizo ni Hamphrey, baba yake mdogo. Naye ana gari, na anajipendekeza kwa kamati.

Nikatoka kulitazama langu. Bodi nyeupe, safi. Ila zile plastiki nyeusi, bampa zote mbili na mikanda ya milangoni, zimepauka kwa jua kama miguu ya mtu aliyeoga asijipake. Basi! Aliyepauka anafanywa nini? Anapakwa mafuta. Nikachukua chupa ya mafuta ya kula ya mke wangu, Ottilia. Nusu saa tu, zinang'aa! Nikatuma picha kwenye kundi la simu la kamati. Watu kumi na wanane wameweka makofi. Hamphrey kaandika kwamba picha si gari, na kwamba Ijumaa magari yote mawili yakaguliwe kwa macho. Wivu huo.

Jumanne, 9 Septemba

Kijivu kimerudi. Tena kwa jua la saa nne tu! Kuku wanadonoa bampa ya nyuma, sisimizi wamepanga foleni kwenye ya mbele. Fundi Abdulazizi, jirani yangu, alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema plastiki huoshwa kwanza kwa sabuni, ikakauka, ndipo ikapakwa dawa yake kidogo sana na kufutwa. Dawa iko Songea, ataniagizia, kesho imefika. Nikamshukuru. Nikamwambia nimelima kahawa Maguu miaka ishirini bila kumsikiliza bwana shamba yeyote. Nishindwe na bampa?

Jumatano, 10 Septemba

Nimegundua kosa langu: mafuta hayana weusi. Na weusi hapa kwetu Mbinga unatoka wapi? Mgodini Ngaka! Malori ya makaa ya mawe yanapita kila siku. Nilimwomba dereva mmoja bonge moja pale kwenye kibanda cha chai. Nikalitwanga kwenye kinu, nikalichekecha, nikalikoroga na mafuta yaliyokaangiwa usipa, vile visamaki vya ziwani. Kwa nini ya usipa? Kwa sababu yamekwisha kupata moto, na kilichopata moto kimekomaa. Hoja hiyo hata fundi hana.

Nikapiga mikono mitatu kwa brashi ya viatu. Mungu wangu, weusi huo! Gari limeshuka melini leo. Nifute? Nani anafuta mali yake?

Alhamisi, 11 Septemba

Ottilia katwanga kisamvu. Kimetoka cheusi. Akauliza kinu kimefanywa nini. Nikamweleza kwamba makaa ya mawe yanachimbwa ardhini, sawa na mihogo. Leo nimekula ugali kwa chumvi. Mwanamke huyu hajui ameolewa na nani.

Nimegusa bampa: kidole cheusi. Maana yake dawa ipo ya kutosha. Paka watano wamelala chini ya gari. Nawahesabu kuwa walinzi.

Ijumaa, 12 Septemba

Tumeteremka Mbamba Bay. Ottilia kichwa nje ya dirisha njia nzima.

Nikamwamkia Mzee Wilfred, mwenyekiti wa kamati. Akalizunguka gari, mikono nyuma, polepole. Akasema bampa nyeusi namna hii hajapata kuziona. Akauliza harufu ya usipa inatoka wapi. Nikamwonyesha ziwa.

Kisha likaja la Hamphrey. Limepauka! Kijivu mbele, kijivu nyuma! Uamuzi ukatoka hapo hapo: bi harusi atabebwa na mjomba. Hamphrey akaniuliza kwa upole kama dawa yangu imekauka. Nikamjibu kwamba aliyeshindwa haulizi maswali.

Jumamosi, 13 Septemba

Saa tatu asubuhi nimemtoa Rosina nyumbani mimi mwenyewe, nimemshika mkono, vigelegele kila upande. Machozi yalinitoka, naandika bila aibu. Gauni jeupe, pana, limejaza mlango wa gari. Akiingia likasugua ule mkanda wa plastiki. Akishuka kanisani likasugua tena. Nikaona mstari mweusi kutoka gotini hadi kwenye pindo. Nikaupangusa haraka kwa kiganja. Kumbe kiganja kile ndicho nilichoegemeza kwenye bampa nikipigwa picha. Sasa pana mstari na vidole vitano.

Rosina akalia. Kwaya imeanza, padre yuko mlangoni, mtoto analia! Akaniuliza mjomba nimemfanya nini. Nikaficha kiganja nyuma. Mimi! Nilitamani ardhi ipasuke.

Ottilia ndiye aliyeokoa siku. Alifungua kitenge chake kipya, akamfunga bi harusi kiunoni, akapiga kigelegele cha kwanza. Wanawake wote wakaitikia. Rosina akacheka na kulia kwa pamoja, akaingia kanisani. Baada ya misa alipanda gari la Hamphrey. Plastiki kijivu. Kavu.

Jumapili, 14 Septemba

Ottilia kaniamuru nikamwombe radhi dada. Nimekwenda. Nimepiga magoti kabisa, nikasema mimi ni mpumbavu, na nilimaanisha. Dada akaleta gauni, akalitandaza mbele yangu. Limefuliwa mara tatu tangu jana, kwa sabuni ya unga na kwa dawa ya madoa, likaanikwa kwenye jua kali la ziwani. Vidole vyangu vitano viko vilevile. Vyeusi! Hata havijapauka!

Nikainuka polepole. Mara tatu! Dawa gani ya Songea ingeweza hivyo? Nikamwomba dada anipe gauni hilo nikalitundike kando ya barabara kuu Mbinga, wenye magari wajionee wenyewe.

Dada amelichukua, ameingia ndani na kufunga mlango. Nimekaa barazani namsubiri. Nadhani analikunja vizuri.